Senti Isiyo na Tundu

Mama yangu alikuwa na kopo la tumbaku ambalo tangu nizaliwe sijawahi kuona tumbaku ndani yake. Lilikuwa la babu, baba yake mzazi, na ndani mlikuwa na sarafu saba za senti kumi za wakati wa mkoloni, zile kubwa za shaba zilizokuja na tundu katikati kutoka kiwandani. Aliposafiri kutoka Hulugho, kule mpakani na Somalia, kuja Garissa kunilea baada ya mimi kujifungua binti yangu, alilibeba kopo hilo kwenye kitambaa kimoja na samli, nyirinyiri ya nyama ya kukaanga, na pasipoti yake.

Pasipoti hiyo ilikuwa haimbanduki. Aliihangaikia miaka, ofisi hadi ofisi, leta wazee wakutambue, leta shahidi, leta cheti cha marehemu baba yako, kana kwamba ajuza wa Hulugho anaweza kuamka asubuhi moja akaamua kujifanya Mkenya kwa utani. Aliipata akiwa hana haja nayo ila ya safari moja tu. Hija. Alikuwa ametenga mbuzi wa Hija, amewachana masikio alama yao, na hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa hata aje mgeni gani. Ukame ukaja ukawachukua. Alinipigia simu siku ile akanitajia mmoja mmoja kwa rangi yake, mweupe wa kichwa cheusi, yule wa pembe moja, mpaka akafika wa mwisho, kisha akasema Alhamdulillahi akakata. Pasipoti ikabaki, na tarehe yake ya mwisho inasogea.

Mimi nina duka mtaa wa Iftin, hapa Garissa. Nawatumia watu pesa, nauza vocha, sukari, na sabuni. Biashara ya sarafu iliniingia kwa mlango wa nyuma. Simu zilileta habari kwamba kuna sarafu kuukuu zinauzwa kwa bei ya gari, na watu wakachanganyikiwa. Kila mtu alifukua kisanduku cha bibi yake. Wakaniletea mimi, kwa sababu kwao mwanamke anayeshika pesa kutwa ndiye anayezijua pesa zote. Nikanunua kioo cha kukuza, mizani ndogo ya sonara na sumaku, nikajiunga na kundi la wakusanyaji kwenye simu, nikaanza kusoma.

Wallahi nilishangaa mengi. Mzee mmoja aliniletea shilingi iliyopinda, upande mmoja umesagika kabisa, akaapa kwamba ni kosa la kiwandani. Nikaigeuza chini ya kioo.

"Baba, hii imekanyagwa na lori."

"Lori gani?"

"Mimi nitajuaje lori gani!"

Akaondoka akinuna, na jioni yake akarudi na nyingine iliyokanyagwa vizuri zaidi.

Basi nikawa nahubiri dukani kama ustadhi wa madrasa. Kuna kosa, na kuna uharibifu. Kosa hutokea kabla sarafu haijatoka kiwandani: mtambo umeipiga mara mbili, au umeipiga upande, au tundu limekwenda kando, au halikutobolewa kabisa. Hilo ndilo wakusanyaji wanalitafuta kwa tochi. Uharibifu ni yote yanayoipata baadaye mikononi mwetu: kukwaruzwa, kugongwa nyundo, kutobolewa na msumari, na hata kusuguliwa ing'ae. Hilo la mwisho watu wa huku hawalikubali hata uwaapie. Kwetu ukitaka kuuza kitu unakiosha kwanza, hata mbuzi. Nililetewa senti zilizosuguliwa mpaka unaweza kujipakia wanja kwazo, na nikisema ile ngozi ya kahawia ndiyo iliyokuwa mali, naambiwa mimi ni mwizi.

Kumbe nilikuwa nawahubiria wa nje, wa ndani sikuwaambia neno.

Desturi yetu mzazi hatoki nje siku arubaini. Duka nilimwachia dada yangu mdogo. Mume wangu anaendesha lori la maji upande wa Dadaab, anakuja anaondoka. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu, mimi, mtoto na mama, na majirani wanaoingia na kutoka kutwa nzima, kila mmoja akija na ushauri wake wa maziwa na uvumba. Mama alinilisha mchuzi wa nyama mpaka nikaona haya. Wiki ya tano nilikuwa nimechoka kutazama dari, nikamwambia, "Hooyo, nipe lile kopo la babu nizione senti zako."

Hooyo ni mama, kwa lugha yetu. Akanipa akaenda jikoni.

Senti sita nilizijua vizuri. Ndizo nilizovaa mimi, ndizo walizovaa kaka zangu na watoto wao wote. Kila mtoto wa ukoo wetu anapotimiza arubaini hufungwa kiunoni uzi wa ngozi wenye zile senti, huuvaa mpaka atembee sawasawa, kisha senti hurudi koponi kumngoja mwingine. Si hirizi, mama husisitiza hivyo kila ustadhi akikunja uso. Ni kengele. Mtoto akitambaa kuelekea miguuni mwa ngamia, lazima umsikie kabla ngamia hajamwona.

Ya saba haikuvaliwa na mtu. Nilikuwa naikumbuka kwa mbali tangu utotoni, ile ambayo haina tundu, na katika maisha yangu yote sikuwahi kujiuliza kwa nini haina. Hapo kitandani, mtoto ananyonya, nikaiweka chini ya kioo.

Mahali pa tundu palikuwa pazima. Palikuwa na ile duara ya ukingo ambayo huzunguka tundu, pembe za ndovu zimeinama kuizunguka kama ilivyo kwenye nyingine zote, lakini ndani ya duara ni shaba tupu, laini, ya rangi ile ile. Wapo matapeli wanaoziba tundu kwa risasi ya kuchomelea, hilo nilikuwa nimelisoma. Nikatafuta mshono, sikuuona. Nikaipima mizani, nikaipima na mwenzake: ilikuwa nzito zaidi, kiasi kile hasa ambacho tundu lingeondoa. Nikasoma maandishi. Jina lilikuwa la yule mfalme wa Uingereza aliyekaa kitini muda mfupi hata mwaka hakumaliza, akaondoka, sarafu zake zikiwa zimeshapigwa. Nikasahau kumgeuza mtoto upande wa pili, akalia mpaka mama akaja mbio.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, hooyo."

Hilo ndilo lilikuwa "hakuna kitu" langu la kwanza.

Nikapiga picha mbele, nyuma na ukingoni, nikamtumia mnunuzi mmoja wa Nairobi kwenye lile kundi. Ni mzee mstaafu, mtaratibu, sijawahi kumsikia akimsifu mtu wala sarafu. Ukimwonyesha dhahabu atakuuliza kama una hakika. Siku hiyo alinitumia ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa inatetemeka.

"Dada, iweke chini. Usiishike kwa vidole tena. Usiioshe, usiipanguse, usiipake hata mafuta ya nywele. Mimi ninakuja mwenyewe."

Kisha akataja bei atakayotoa ikiwa ni kama inavyoonekana pichani. Nilisikiliza ujumbe ule mara nne nikidhani masikio yananidanganya. Bei hiyo, pamoja na kidogo tulichokuwa tumeweka mimi na kaka zangu, ilimtosha mama kwenda Makka na kurudi, na kutuletea zamzam na tende. Nilifunika uso kwa shuka nikalia. Nikamwambia mnunuzi aje siku ya arubaini na moja, nikiwa nimetoka ndani, nimpokee kwa heshima.

Sasa mtu mwenye akili angemwita mama hapo hapo. Mimi sikumwita, na nitasema kwa nini, ingawa haya yananipata hata sasa. Mimba yangu ya kwanza niliitangaza mapema. Nilikuwa na furaha, nikamwambia kila aliyeingia dukani, na ikatoka kabla haijaonekana. Tangu siku hiyo niliamini kitu kizuri hakitajwi mpaka kifike mkononi. Jicho la hasidi lipo, na jicho halibishi hodi. Nikaapa moyoni kwamba habari ya senti ile haitatoka kinywani mwangu mpaka pesa ziwe zimelala mkononi, halafu nimpe mama yote kwa pamoja na kumwambia hooyo, funga mzigo. Nilikuwa nimeshaona uso wake utakavyokuwa. Huo uso ndio ulionilevya.

Nikaificha. Wapi? Nyumba ya mzazi haina siri, majirani wanafungua hadi mto kutafuta pini. Nikaona mahali salama ni pale pale koponi, pamoja na wenzake, maana nani ataiba senti za mkoloni? Lakini nikakumbuka kukwaruzana. Nikakata kipande cha shali ya mtoto, ile laini nyeupe, nikaifungia ndani kama yai, nikairudisha.

Nikalala usingizi mzuri siku kumi.

Siku ya kutoka arubaini nyumba ilijaa alfajiri. Ubani ulikuwa unafuka mpaka huoni mlango, chai ya maziwa ya ngamia, sambusa, wanawake wa Iftin wamevaa nguo za sherehe, vigelegele. Nilikuwa nimeoga, nimepakwa hina, nimechoka na nina furaha. Mama akaingia na mtoto mikononi, amevikwa gauni jeupe. Akamwinua juu ili wote wamwone. Nikasikia zile senti zikilia kiunoni.

Zilikuwa zinang'aa. Hilo ndilo lililonigonga kwanza. Zilikuwa nyekundu za kung'aa, zimesuguliwa hazina hata doa. Nikasema moyoni, haya, sita zimekwenda, si neno, hizo ni za kawaida. Kisha mama akamgeuza mtoto, nazo zikageuka, na nikahesabu kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mafuriko. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Saba.

Sijui nilisimamaje. Nilisikia mtu akicheka na nikafahamu baadaye kwamba ni mimi. Nikamchukua mtoto, nikamlaza mapajani, nikaishika ya saba kwa vidole, vidole vile vile nilivyokatazwa. Tundu lilikuwa limekaa upande kidogo, limekula ncha ya pembe moja ya ndovu. Ukingo wake ulikuwa mkali, bado una vumbi jipya la shaba, na ule uso uliokuwa kahawia tangu enzi za babu ulikuwa na mikwaruzo ya jivu kila mahali. 

"Hooyo," nikasema, "hii…"

"Umeiona!" Uso wake ulikuwa unawaka. Akawageukia wanawake wote, akawasimulia kwa sauti. "Nilifungua kopo nitoe senti, nikakuta binti yangu ameikata shali ya mwanawe akamfungia hii moja peke yake. Nikaelewa. Anataka mtoto huyu avae saba, kwa sababu yule wa kwanza hakuvaa hata moja. Hakuweza kuniambia kwa mdomo, maskini, akaniambia kwa kitambaa."

Wanawake wakasema subhanallah. Mmoja akajifuta machozi.

Mama akaendelea. Senti hiyo ilikuwa kipofu tangu yeye ni mtoto. Alikuwa akilia apewe na yeye aivae, na babu anakataa katakata, kwamba mtu akitoboa pesa ya mfalme anafungwa jela, na Mzungu wa wilaya alikuwa na jela yake tayari. Basi ikakaa kipofu miaka yote hiyo kwa hofu ya askari. "Sasa mimi nikajiuliza, huyo mfalme yuko wapi? Mzungu yuko wapi?" Nyumba nzima ikacheka. Akaipeleka kwa fundi wa sufuria nyuma ya soko, mwenye drili ya umeme. Fundi alipoambiwa ni ya mtoto wa arubaini akakataa malipo. Kisha akazisugua zote kwa jivu na limau, kama anavyosugua birika.

"Nimeifumbua jicho," akasema mama yangu, na vigelegele vikapigwa.

Mimi pia nilipiga. Fikiria hilo! Nilifungua kinywa nikapiga kigelegele.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwangu mimi yalikuja yamefungwa kiunoni mwa mjukuu, yanalia kengele.

Ningempigia simu mnunuzi asije. Nilikuwa na mchana mzima na jioni nzima ya kufanya hivyo. Sikumpigia. Mfa maji haachi kutapatapa, nikajiambia huenda kosa bado linaonekana pembeni, huenda ile duara bado inathibitisha kitu, huenda yeye na kioo chake ataona nisichoona. Ujinga mtupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewafukuza watu dukani kwa sarafu zenye afya kuliko ile.

Alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, amelowa jasho, ana mkoba mdogo ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba dawa. Mama akamkaribisha kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Karibu, karibu baba. Wewe nakuja kununua besa ya samani?" Yaani pesa ya zamani. Akampa maji, akampa mkeka mzuri. Mama hakujua huyu ni nani kwetu. Kwake alikuwa mgeni wa biashara yangu, basi.

Nikamleta mtoto, maana senti ilikuwa juu ya mtoto. Mzee yule akavaa kioo chake jichoni, akainama juu ya tumbo la binti yangu. Mtoto akamshika pua. Hakuna aliyecheka. Akaitazama ile senti muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akavua kioo, akaketi chini kabisa, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu. Nani amefanya hivi?"

"Mimi!" akasema mama kwa furaha. "Mimi nafanya. Ilikuwa haina tundu. Mbaya. Sasa nzuri."

Yule mzee alinitazama. Nilimwomba kwa macho anyamaze. Lakini alikuwa amepigwa na butwaa kuliko mimi, mtu amesafiri njia yote ile, na maneno yakamtoka yenyewe. "Mama, kutokuwa na tundu ndiko kulikuwa thamani yake. Hilo lilikuwa kosa la kiwandani, sarafu kama hizo hazionekani ovyo. Sasa ni sarafu iliyotobolewa tu, tena imesuguliwa. Hata mtoto wa shule hawezi kuinunua. Hasara. Hasara kubwa."

Kiswahili cha mama kina mashimo mengi, lakini neno hasara mfanyabiashara wa mifugo hawezi kulikosa. Tabasamu likamwisha taratibu. Akanigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu.

"Anasema nini?"

"Anasema bei yake imepungua kidogo, hooyo."

"Naa, wewe! Mimi si mtoto. Anashika kichwa kwa kidogo? Ilikuwa ya kiasi gani?"

Nikamwambia. Sikuitaja kwa shilingi. Nilisema, "Ilikuwa Hija yako."

Alibaki amekaa, mkono wake juu ya goti, anatazama mlangoni kama anayengoja mtu mwingine aingie. Nilingoja alie, nilingoja anipige kofi, lolote lingekuwa afadhali. Adhana ikalia. Akainuka, akatia udhu, akaswali, rakaa zake zote bila haraka, na mnunuzi wangu na mimi tukakaa pale kama waliofumaniwa. Alipomaliza akaenda jikoni akaleta wali na nyama ya mbuzi, akamlisha mgeni mpaka mgeni akaomba radhi. Alipokuwa anaondoka akamfungia na nyirinyiri ya njiani. Mzee wa watu alitoka machozi yakimlengalenga, na aliponiaga alisahau hata kuchukua kioo chake. Kiko hapa dukani mpaka leo.

Mama akamchukua mtoto akamweka mapajani. Akazishika senti moja moja mpaka akafika ya saba.

"Kwa hiyo nimemfunga huyu Hija yangu kiunoni," akasema. Akacheka kidogo, kicheko kikavu. Nilipotaka kuufungua ule uzi akanipiga mkono. "Acha. Amezaliwa juzi tu unataka kumnyang'anya?"

Nilidhani yameisha hapo. Nikajisemea mama ni mtu wa subira, ameshapoteza mbuzi wote wale akasema Alhamdulillahi, na hili atalimeza. Siku tano zilipita anapika, anaosha nguo za mtoto, anaongea na majirani. Mimi nilimzunguka nikimletea chai asiyoitaka. Siku ya sita akafunga kitambaa chake. Gari la Hulugho huondoka asubuhi, nikamsindikiza hadi kituoni, mtoto mgongoni analia kengele kwa kila hatua. Mizigo ilikuwa inapandishwa juu. Hapo ndipo aliponiuliza, bila hata kunitazama.

"Ulijua siku ngapi?"

"Siku kumi, hooyo."

"Siku kumi. Nakupikia, nakuogesha, nakukanda tumbo, nalala chini kando ya kitanda chako. Na hukusema."

"Niliogopa jicho, hooyo. Unajua yule wa kwanza nilivyo…"

"Najua." Sasa akanitazama. "Humo ndani tulikuwa mimi na wewe na mtoto. Uliogopa jicho la nani? Langu?"

Nilitaka kusema majirani, nilitaka kusema mazoea, nilitaka kusema nilikuwa nataka kuuona uso wako ukifurahi, na kila neno lilipofika ulimini likageuka uongo. Waswahili husema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, na bado nilificha, na niliyemficha ni yule aliyenizaa. Dereva akapiga honi. Mama akatoa pasipoti kifuani akaniwekea mkononi.

"Iweke koponi," akasema. "Nafasi ipo sasa."

Akapanda gari. Nilibaki nimesimama kwenye vumbi na pasipoti ya mama yangu mkononi, watu wananipita wananitazama, na sikuweza hata kumpungia mkono.

Mtoto sasa anatembea, tena anakimbia. Desturi inasema senti zirudi koponi, lakini kaka zangu hawajapata mtoto mwingine, na mama amesema abaki nazo. Nampigia simu Hulugho kila siku. Namwambia kila kitu siku hizi, mpaka ananichoka: bei ya sukari imepanda, nimegombana na mume wangu, nimeota jino limeng'oka, kuna sarafu imeletwa na nadhani ni nzuri. Ya mwisho hiyo namwambia kabla hata sijaipima. Yeye husikiliza, husema sawa, sawa. Kuhusu siku ile ya kituoni hatujaongea tena.

Wiki iliyopita nilifungua kopo nikatazama. Nikampigia.

"Hooyo, pasipoti yako imekwisha muda."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nahesabu." Kulikuwa na mbuzi wachache wakilia nyuma yake, wale aliopewa na wajomba aanze upya. Nikataka kusema kitu, akaniwahi. "Mtoto yuko hapo? Weka simu chini mkekani. Mwambie akimbie nisikie."

Nikaiweka chini. Mtoto akakimbia toka ukutani mpaka mlangoni na kurudi, zinalia kiunoni, zote saba. Nilipoinua simu mama hakuwa amekata. Nilimsikia anavyopumua.

"Tena," akasema.